Lenzi Isiyo na Kioo

Wanafunzi wenzangu, katika osiloskopu ya mrija wa kioo mna kitufe ambacho ukikizungusha, doa la nuru lililotawanyika hukusanyika likawa nukta. Nimeona wengi wakikizungusha bila kuuliza kinafanya nini. Basi nitaeleza kwa ufupi.

Nuru ile huletwa na elektroni zinazopiga kioo cha mbele. Elektroni hutoka zikielekea huku na huku, nasi hatuwezi kuzikusanya kwa lenzi ya kioo kama tukusanyavyo miali ya jua. Lenzi yao ni nguvu ya umeme.

Panga mirija mitatu ya chuma katika mstari mmoja, mahali palipotolewa hewa. Miwili ya pembeni iwe na volti sawasawa. Wa kati uwe chini yake kwa volti 750. Elektroni iliyoharakishwa kwa volti 1,000 huja kwa mwendo wa karibu kilometa 19,000 kwa sekunde. Ikikaribia mrija wa kati husukumwa nje kwanza, kisha ndani. Ikitoka husukumwa ndani tena, kisha nje. Je, misukumo hiyo haifutani? La. Msukumo wa nje huikuta ikienda mbio. Wa ndani huikuta mwendo umepungua kuelekea nusu, hivyo huishika muda mrefu zaidi. Wa ndani hushinda, na elektroni hukusanyika. Kitufe hubadilisha volti za mrija wa kati tu.

Ugumu uko hapa: elektroni zipitazo mbali na katikati hupindwa kupita kiasi, zikakutana mapema, na nukta huwa na ukungu. Mwaka 1936 Mjerumani Otto Scherzer alithibitisha kwa hesabu kwamba lenzi ya mviringo, yenye volti zisizobadilika na isiyo na chaji njiani, haiwezi kuepuka kasoro hiyo. Mtengenezaji akipunguza pembe ya miali kwa nusu, ukungu hubaki sehemu 1 ya 8. Lakini elektroni nazo hupungua, nuru ikafifia. Mshika mawili moja humponyoka.

Hata hivyo, mwaka 1947 Scherzer mwenyewe alionyesha njia: kuongeza lenzi zisizo za mviringo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Ujerumani waliifuata kwa lenzi za sumaku, wakairekebisha hadubini ya elektroni. Hesabu iliyofunga mlango ndiyo iliyoonyesha ufunguo. Tusiidharau.