MPASUKO NA MUUNGANO: NYUKLIA NI MOJA AU NI MBILI?

Katika toleo hili ningependa tuzungumze juu ya neno ambalo limetusumbua sana huku Pwani, nalo ni nyuklia. Mnamo Mei 2024, wakazi wa Uyombo katika kaunti jirani ya Kilifi waliandamana kupinga mpango wa kujengwa kwa kituo cha umeme wa nyuklia kwao. Ukiwasikiliza watu wakibishana, mmoja husema eti nyuklia ni bomu, na mwingine eti ni kawi safi kama ya jua. Je, nani mkweli? Kila mmoja ameshika kipande tu, kwa maana nyuklia ni njia mbili: mpasuko na muungano.

Tuanze na atomi. Kila kitu, uwe ni udongo wa Idsowe, embe au mwili wako, kimeundwa kwa atomi. Katikati ya atomi mna kiini, ambamo protoni na nyutroni zimeshikamana kwa nguvu za ajabu. Ukichoma kuni, kiini hakiguswi kamwe. Ni elektroni za nje tu zinazopangwa upya. Nyuklia ni kukigusa kiini chenyewe.

Asubuhi ukipita shambani, tazama umande juu ya jani la mgomba. Matone mawili madogo yakikutana huwa moja. Lakini tone likiwa kubwa mno, ukilitikisa hurefuka, hubanika kiunoni, kisha hukatika mara mbili. Viini navyo ni hivyo hivyo: vidogo vikiungana hutoa nguvu, na vikubwa vikipasuka hutoa nguvu. Mwishoni mwa 1938, Lise Meitner na mwana wa dada yake, Otto Frisch, walitumia mfano huo wa tone kueleza matokeo ambayo Otto Hahn na Fritz Strassmann waliyapata kule Berlin.

Sasa basi, mpasuko ni nini? Chukua kiini cha urani 235. Kina protoni 92 na nyutroni 143, kwa hivyo ni kizito na hakijatulia. Kikigongwa na nyutroni moja hupasuka vipande viwili na kutoa nyutroni nyingine mbili au tatu. Hizo nazo hugonga viini vingine, navyo vingine, kama moto katika nyasi kavu za kiangazi. Ukiuachilia moto huo ni bomu. Hilo ndilo lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani wakati huo ilichimbwa Shinkolobwe, nchini Kongo. Kumbe Afrika imo katika habari hii tangu zamani!

Ukiutawala moto huo, unapata umeme. Ndani ya kinu huteremshwa fimbo za kumeza nyutroni zilizozidi. Joto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mitambo, kama vile maji ya Mto Tana yanavyoizungusha ya Masinga na Kiambere. Afrika Kusini imekuwa ikifanya hivyo katika kituo cha Koeberg tangu 1984. Tatizo ni kwamba vipande vinavyobaki hutoa miale ya hatari, vingine kwa maelfu ya miaka. Tena kinu kikikosa kupozwa, balaa huingia. Fukushima, Japani, mwaka 2011, tsunami ilizima mitambo ya kupoza, na viini vya vinu vitatu vikayeyuka.

Muungano ni kinyume chake. Viini vyepesi vya hidrojeni hugandamana kuwa heli. Hivi ndivyo jua letu linavyowaka: kila sekunde takriban tani milioni 600 za hidrojeni hugeuka, na kama tani milioni 4 hupotea kuwa nguvu. Mbona basi tusifanye hivyo hapa? Kwa sababu viini vyote vina chaji chanya, na hufukuzana kama ncha za sumaku zinazofanana. Ndani ya jua kuna joto la nyuzi milioni 15 na mgandamizo mkubwa mno. Duniani, ambapo hatuna mgandamizo huo, joto linatakiwa lipite nyuzi milioni 100. Hakuna sufuria ya kustahimili hayo! Wanasayansi huushikilia moto huo kwa sumaku, au huupiga kwa leza.

Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Livermore huko California ilitumia leza 192. Zilitia megajuli 2.05, na muungano ukatoa 3.15. Watu walishangilia, lakini leza zenyewe zilikuwa zimekula umeme wa kama megajuli 300. Ndiyo kusema, hakuna mji wowote unaowashiwa taa kwa muungano.

Kwa ufupi, tofauti ni hizi. Kwanza, mpasuko hukata vizito, muungano huunganisha vyepesi. Pili, mpasuko huacha taka za miale za muda mrefu. Heli haina miale, ingawa kuta za mtambo huathirika. Tatu, mpasuko huweza kukimbia ukashinda kutawaliwa. Muungano ukikosa joto huzimika wenyewe. Nne, mpasuko tunao, muungano bado ni wa maabara.

Turudi Uyombo. Shirika la serikali la NuPEA lilitangaza kituo cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Mwaka 2025 macho yaligeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, maana kinu huhitaji maji mengi. Kiwe huku au kule, kituo hicho ni cha mpasuko. Anayekiita bomu amekosea, kwani urani ya kinu haikusafishwa kufikia kiwango cha bomu. Na anayekisifu kuwa ni kama jua amekosea pia, kwani taka zake zitahitaji mlinzi hata wajukuu wetu wakizeeka.

Wenzangu, sisi ndio tutakaoitwa barazani kesho kutoa maoni. Asiyejua maana haambiwi maana. Siku mgeni akisimama mbele yenu na kutaja nyuklia, nyosheni mkono mumwulize kwa adabu: ni ya mpasuko au ya muungano, na taka zitawekwa wapi?