Kidonda cha Moyo Nacho Kina Tiba



Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini mwetu na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Nyumba nyingi zilijengwa tena. Lakini huenda kikundini mwenu yuko mtu ambaye hadi leo akisikia kelele usiku hutoka kitandani mbio. Wengine wako hivyo kwa sababu ya ajali ya barabarani, kunajisiwa, au kipigo cha nyumbani.

Dalili zake ni zipi?
Tukio humrudia katika ndoto, au mchana akiwa macho. Hukwepa njia, mahali au watu wanaomkumbusha. Hushtuka upesi, hukasirika upesi, na usingizi humpotea. Watu wengi hupata nafuu baada ya majuma machache. Dalili zikipita mwezi mmoja na kumzuia kufanya kazi zake, hicho ni kiwewe kinachohitaji tiba. Si kurogwa, wala si uoga. Akili yake ni kama mbwa wa boma anayeendelea kubweka hata baada ya mwizi kwenda zake. Kumwambia "jikaze" hakusaidii.

Siku za kwanza
Mpeni usalama, chakula, na mtu wa kukaa naye. Akitaka kusema, msikilizeni. Asipotaka, msimlazimishe kusimulia, hasa mbele ya watu. Msimnunulie dawa za kutuliza kama diazepamu dukani. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisitumiwe kwa dalili hizi katika mwezi wa kwanza.

Tiba zilizopo
1. Mazungumzo na mshauri aliyefunzwa. Mgonjwa husaidiwa kupima mawazo kama "ni makosa yangu", na kurudia pole pole mambo anayoyaogopa, kwa mfano kwenda sokoni.

2. Kusimulia maisha yote. Kamba hulazwa chini, maua yakiwa siku njema na mawe yakiwa siku mbaya. Mgonjwa husimulia kwa utaratibu hadi tukio lishike nafasi yake, yaani jambo lililopita. Kule Nakivale, Uganda, wakimbizi waliofunzwa waliwatibu wakimbizi wenzao kwa njia hii.

3. Tiba ya macho. Mgonjwa hukumbuka tukio huku akifuata kwa macho mkono wa mtaalamu. Msiijaribu wenyewe.

4. Mikutano mitano ya kupunguza mzigo wa mawazo: kupumua taratibu, kutatua shida moja moja, kurudia kazi, na kutafuta watu wa kumshika mkono. Hii haitibu kiwewe peke yake, lakini hupunguza dhiki. Ilijaribiwa Nairobi na wahudumu wa afya wa mitaani kwa akina mama waliopatwa na ukatili, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha walipata nafuu.

5. Dawa za hospitali. Huwafaa baadhi ya watu. Zisianzwe wala kuachwa bila daktari.

Kazi ya kikundi
Ninyi si madaktari, lakini bila ninyi tiba inaweza kukatika. Mshauri huonwa mara nyingi, si mara moja, na wengi hushindwa na nauli. Tengeni kitu kidogo katika mchango wenu. Mtu mmoja amsindikize. Anzeni kwa mhudumu wa afya wa kijiji au zahanati, muulize hospitali gani ina mshauri. Maombi na tiba vyaweza kwenda pamoja. Na siri yake ibaki siri.

Akisema anataka kujiua, msimwache peke yake hata dakika moja. Ondoeni dawa za mifugo na za shamba, mkampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ya kujadili kikundini
Je, kuna mwenzetu aliyeacha kuja mikutanoni? Nani atamtembelea juma hili? Nauli yake itatoka wapi?