Akili Ikibaki Kwenye Kompyuta, Nani Atazikwa?

Je, msomaji, mtu akifa huku akili yake imehamishiwa kwenye kompyuta, kuna marehemu au hakuna? Usicheke. Wapo wataalamu wanaoamini siku hiyo itafika, ijapokuwa safari ni ndefu. Mwaka 2024 watafiti walichapisha ramani ya ubongo wa inzi wa matunda, wenye chembe za neva karibu 140,000. Wetu una bilioni 86 hivi. Tena ramani si akili. Ramani ya Kisumu haikuuzii samaki wa Dunga.

Hata hivyo, huku ufukoni mwa Ziwa Viktoria swali hilo si mchezo. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986, akakaa mochari zaidi ya miezi mitano. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulishikilia mila ya Kijaluo: arudishwe kwao. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na ukoo, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Tuseme basi mashine yenye akili ya marehemu inaletwa kortini, nayo inataja kaburi inalolitaka. Ni shahidi huyo, au ndiye mwenye maiti? Mimi naona wazee wangeuliza kwanza kama ni yeye au ni nakala tu. Nakala moja ikiwezekana, kumi zawezekana, na huenda zisipatane.

Na mjane je? Shemeji wamekuja kuzungumzia kumrithi, na mumewe angali anamwamkia kila asubuhi kutoka kwenye kioo cha kompyuta.