Kompyuta ya gemu huanzia kwenye nguzo ya umeme

Kijana anayetaka kujiundia kompyuta ya gemu kwa kawaida huanza na kadi ya grafiki, halafu prosesa, halafu taa za rangi za ndani ya kasha. Pawa saplai huja mwisho, kwa hela iliyobaki. Anayekaa mjini, jirani na transfoma nzima, anaweza kufanya hivyo na asipate shida. Kwa aliyeko Endamarariek, wilayani Karatu, nashauri orodha igeuzwe: hesabu ianze na umeme unaoingia ndani, kadi ije mwisho, tena ichaguliwe kwa wati inazokula.

Kaskazini tuko mwisho wa safari ndefu ya umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, liko mbali sana na Karatu. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza kwa nini mikoa ya kaskazini inatafutiwa umeme wa Ethiopia, hoja yake ilikuwa kwamba umeme mwingi unapotea njiani. Ukifika kijijini nako unagawanywa: nyumba, mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea wako kwenye laini moja. Mashine ikianza kunguruma, taa zinafifia. Zile volti 230 za kwenye vitabu zinaweza kuwa 180 jioni, saa ambayo mcheza gemu ndiyo kwanza anakaa kwenye kiti.

Balbu ya zamani ikipata umeme mdogo inafifia tu. Pawa saplai haina hiari hiyo. Kazi yake ni kutoa volti 12 zisizoyumba, kwa hiyo volti za ukutani zikishuka, yenyewe inavuta ampea zaidi ili kufidia. Kompyuta inayovuta wati 300 ukutani hutumia ampea 1.3 kwenye volti 230. Kwenye volti 170 inakaribia 1.8. Hiyo nyongeza inapasha moto vipuri vya ndani, na pawa saplai za bei ya chee hufia hapo.

Ndiyo maana lebo ya ubavuni ina maana kuliko boksi. Anza na mstari wa umeme unaoingia. Ukiona 100–240V, imetengenezwa kuvumilia kupanda na kushuka kwa upana huo, na umeme mdogo wa jioni hautaiyumbisha. Ukiona 200–240V peke yake, tegemea kompyuta kuzima ghafla katikati ya mchezo. Ukiona 115/230 na swichi ndogo nyekundu nyuma, huo ni muundo wa zamani, na hapa uwe macho: mtumba uliotoka Marekani unaweza kuja swichi ikiwa kwenye 115. Chomeka hivyo kwenye soketi yetu, utasikia mlio mmoja, harufu, basi.

Shuka mpaka mstari wa +12V. Prosesa na kadi ya grafiki hula hapo karibu chakula chao chote. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Boksi linaweza kujitangaza wati 500, lebo ikasema 12V ampea 18. Hizo ni wati 216. Zilizobaki zimejazwa kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya leo haizitumii sana. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 itaonyesha kama ampea 45. Muuzaji asiyekuruhusu kufungua boksi usome, mwachie mali yake.

Nembo ya 80 PLUS, iliyoanza 2004, inapima ufanisi: Bronze hufika asilimia 85 kwenye nusu ya mzigo, Gold asilimia 90, kwa kipimo cha volti 115. Ni jambo jema, lakini haisemi lolote kuhusu radi.

Sasa kadi. RTX 4060 hula wati 115. RX 6600 hula 132. RTX 3060 hufika 170. Chukua 4060 na prosesa ya Core i5-12400F, ambayo ikikazwa hufika wati 117, weka 60 za madabodi, ramu, diski na feni: wati 292. Pawa saplai ya kweli ya 550 inatosha na kubaki. Anayekushawishi ununue ya 850 kwa mashine hii anatafuta faida yake.

Wengi lakini hawaanzi na vipya. Wanaanza na kompyuta ya ofisi ya mtumba, tuseme Dell OptiPlex 9020 ndogo. Ni msingi mzuri, ila pawa saplai yake ni ya wati 255, na plagi yake ya madabodi ina pini 8 badala ya 24 za kawaida, hivyo huwezi kupachika nyingine bila kebo ya kuunganishia. Hapo tafuta kadi fupi inayopata umeme wote kwenye sloti, ambayo mwisho wake ni wati 75. GTX 1650 ya kimo kifupi, isiyo na plagi ya ziada, inaingia vizuri.

Kinga ndiyo sehemu watu hubania. Umeme mdogo pawa saplai nzuri inauweza. Unaoua ni umeme mkubwa. Waya wa nyutro ukikatika nguzoni, nyumba inaweza kupokea volti zinazokaribia 400, kwa hiyo weka kifaa kinachokata volti zikizidi. UPS ya VA 650 usiihesabu kama wati 650. Nyingi hutoa chini ya 400, na zinatosha kukupa muda wa kuhifadhi mchezo na kuzima. Mwite fundi umeme apime ethi, maana kinga ya radi isiyo na ethi ni pambo. Ngurumo zikianza, chomoa plagi, na kebo ya antena ya televisheni pia kama imeunganishwa.

Vumbi jekundu la kiangazi halisubiri mwaliko. Kompyuta isikae sakafuni, na ukipuliza feni ishikilie kwa kijiti isizunguke. Ukanda wa Karatu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, feni inapoza pungufu ya Dar es Salaam, ingawa baridi yetu inafidia.

Halafu kuna LUKU. Wati 300 kwa saa nne kila siku ni uniti 36 kwa mwezi, karibu nusu ya zile 75 za mteja mdogo ambazo bei za 2016 ziliziweka shilingi 100 kila moja. Kuanzia ya 76, bei hizo ziliiweka uniti shilingi 350. Kabla ya kugombana na wazee wa nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya gemu uifunge fremu 60 kwa sekunde. Kadi inapunguza ulaji papo hapo, na kwenye skrini ya hezi 60 hakuna picha unayopoteza.