NIRVANA: Watatu tu, lakini jukwaa lilikuwa haliwatoshi!

Basi bwana, kisa chenyewe kilianzia mitumba ya Karume, Ilala. Nilikuwa nachambua fulana, mkono ukakamata nyeusi moja yenye katuni ya njano: sura ya duara, macho yamepigwa msalaba, ulimi nje kama mlevi wa gongo saa nane za usiku. Juu yake NIRVANA. Muuzaji akaniapia kwamba hiyo ni kampuni ya nguo ya Marekani, kitu orijino. Nikalipa, nikavaa, nikatamba nayo mtaani.

Siku ya tatu mjomba wangu akanitazama kifuani. "Mjomba, hao wanapiga muziki gani?" Nikaguna. Aibu gani hii, msomaji wangu, kutembea na jina la watu kifuani bila kujua hata wanaimba nini! Mjomba mwenyewe si mtu wa kudanganywa. Enzi zake alikung'uta gitaa la solo kwenye bendi moja ya dansi hapa Dar, mpaka siku moja akaliweka uvunguni mwa kitanda na hakulitoa tena. Ukimuuliza kwa nini, anaagiza chai.

Na wiki hiyo hiyo nilikuwa na machungu yangu. Nilitoa shilingi 20,000 kiingilio nikamwone msanii mmoja (jina namhifadhi), kumbe mwenzangu kaja na flashi tu. Katikati ya wimbo akashusha maiki anywe maji, na sauti yake ikaendelea kuimba! Watu tukatazamana. Kwa hiyo nilipowasha simu kuwatafuta hao Nirvana, niliwatafuta nikiwa na hasira za laivu.

Jamaa ni wa Aberdeen, mji mdogo wa wakata magogo katika jimbo la Washington. Mwaka 1987 Kurt Cobain, mwimbaji anayepiga gitaa kwa mkono wa kushoto, na Krist Novoselic, pande la mtu la kupiga besi, wakaunda bendi. Wapiga dramu walikuja na kuondoka kama wapangaji. Albamu yao ya kwanza, Bleach, ilitoka 1989 na kuirekodi kuligharimu dola 606 na senti kidogo. Mwaka 1990 akaingia Dave Grohl, kijana anayepiga dramu kama anayezidai, na hapo ndipo mambo yakanoga.

Albamu ya pili, Nevermind, ilitoka Septemba 24, 1991. Kampuni haikutegemea makubwa, mwanzoni ilisambaza nakala 46,251 tu katika Marekani nzima. We! Wimbo wa Smells Like Teen Spirit ukalipuka, na Januari 1992 albamu hiyo ikamng'oa Michael Jackson na Dangerous yake kwenye namba moja ya Marekani. Hapo hapo nikuchekeshe kidogo: Teen Spirit ilikuwa dawa ya kwapa ya wasichana. Rafiki yao mmoja, mwanamuziki Kathleen Hanna, alimwandikia Kurt ukutani kwamba ananukia hiyo dawa. Kurt akadhani ni maneno ya kimapinduzi, akaufanya wimbo.

Lakini mimi nilikuwa natafuta shoo. Na hapa ndipo nilipomwita mjomba aje aone.

Nikamwekea ya Novemba 1991, Uingereza, kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops. Utaratibu wa pale ulikuwa muziki unatoka kwenye kanda na msanii anaimba tu juu yake. Pleibeki hiyo! Jamaa wakaamua kuumbua utaratibu. Krist akawa anazungusha besi juu ya kichwa, Dave anapiga dramu ovyo huku anacheka, Kurt vidole hata havigusi nyuzi, anaimba kwa sauti nzito ya kuvuta kama shehe aliyepewa usingizi, maiki nusura aimeze. Mjomba alicheka mpaka akamwaga chai. "Hao wamekataa kudanganya watu," akasema. Nikawaza 20,000 yangu.

Oktoba 1992 walikuwa Buenos Aires, Argentina, uwanja wa mpira umejaa. Bendi ya kinadada, Calamity Jane, ilitangulia kufungua jukwaa na watazamaji wakaizomea na kuirushia vitu. Kurt akachukia. Walipopanda wao akawa anaanzisha vipande vya ule wimbo wao mkubwa, uwanja unapagawa, halafu anaacha. Mwisho wa usiku hakuupiga. Sijui kama ningekuwa na moyo huo, mimi ningepiga nichukue changu.

Shoo iliyonikamata shingo lakini ni ya Reading, Uingereza, Agosti 30, 1992. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba Kurt mgonjwa, bendi inavunjika. Basi akaletwa jukwaani amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa gauni la hospitali na wigi. Akainuka kwa shida mpaka kwenye maiki, akaimba neno moja moja, akaanguka chali puu! Kisha akaamka, akavaa gitaa, wakakamua shoo nzima ambayo mpaka leo inatajwa miongoni mwa bora zao. "Watatu tu?" mjomba akauliza. "Sisi tulikuwa kumi na wanne, na bado mpiga tumba alikuwa analalamika amechoka!"

Novemba 18, 1993, New York, ni habari nyingine kabisa. Kipindi cha MTV Unplugged: magitaa makavu, mishumaa, maua ya yungiyungi, na dada mmoja anapiga selo. Prodyuza wa kipindi alimwuliza Kurt kama anataka pawe kama msibani, naye akakubali kwamba ndivyo. Wakapiga nyimbo 14 bila kurudia hata moja, sita si zao, na ule mkubwa wakauacha. Gitaa alilopiga siku ile liliuzwa mnadani Juni 2020 kwa dola milioni 6 na ushee. Mjomba hapo hakucheka. Alisogeza simu karibu na uso, akaangalia vidole tu.

Shoo ya mwisho waliipiga Munich, Ujerumani, Machi 1, 1994, kwenye jengo la uwanja wa ndege wa zamani, sauti ya Kurt ikiwa imeharibika. Aprili 5 alijiua nyumbani kwake Seattle, akiwa na miaka 27. Alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya tumbo ya muda mrefu na heroini. Barua aliyoacha inajulikana na wengi, na ndani yake kuna jina la mtoto wa Unguja: Freddie Mercury wa Queen, aliyezaliwa Zanzibar 1946. Kurt alimwonea wivu kwa jinsi alivyofurahia watu wakimpigia kelele. Yeye alisema ameishiwa na furaha hiyo, kwamba kupanda jukwaani kumekuwa kama kuripoti kazini, na kujifanya ni kuwaibia mashabiki.

Nilipomweleza mjomba, akakaa kimya kidogo.

"Mimi niliacha siku niliyojikuta naangalia saa jukwaani," akasema. "Watu wanacheza, mimi nahesabu nyimbo zilizobaki. Nikasema kesho sirudi." Akanyamaza tena. "Huyo kijana angepumzishwa, siyo kupangiwa shoo. Sisi wenzangu walinikasirikia, lakini waliniacha nikalale."

Miaka yote hiyo mimi nadhani walimfukuza.

Asubuhi yake nimekuta gitaa limelala juu ya kiti sebuleni, vumbi limefutwa, na karatasi juu yake: nimtafutie nyuzi mbili Kariakoo, ile nyembamba na inayofuata. Hela hakuacha.