Gisenyi: Tangazo lavuka mpaka kabla ya mzigo

Jua halijapanda juu ya Ziwa Kivu, na tayari picha zimekwisha kufika Goma. Beseni la sambaza mbichi, viazi vya milimani, karoti zilizooshwa: vyote hupigwa picha Gisenyi na kuwekwa kwenye stetasi ya WhatsApp. Mteja wa ng'ambo huviona kabla mwenye mali hajasimama kwenye foleni ya Petite Barrière.

Mpaka huu umewafundisha wachuuzi kwa nguvu. Agosti 1, 2019 ulifungwa kwa saa kadhaa kwa hofu ya Ebola. Machi 2020 ukafungwa kwa sababu ya Uviko-19, na safari hiyo wavukao kwa miguu walikaa nje muda mrefu. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, hivyo wenye mabeseni na vikapu wakalazimika kuunganisha bidhaa na kuzipakia pamoja.

Mambo yakageuka. Mteja aliyezoea kumjua muuzaji kwa sura na sauti hakumwona tena. Gunia likichanganyika na magunia ya wengine, kilichobaki kumtambulisha mwenyewe ni jina lililoandikwa juu yake. Hiyo ndiyo chapa, hata kama imeandikwa kwa rangi na brashi.

Kampuni kubwa zinalijua hilo zamani. Bia ya Primus hunywewa Gisenyi na Goma vilevile, na mnywaji huitambua chupa yake kwa mbali. Mchuuzi hana fedha za mabango, lakini anaweza kutumia jina moja, rangi moja na namba moja ya simu kila siku. Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, haina malipo kuipakua, na humruhusu kupanga bidhaa na bei kama kwenye meza ya soko.

Tangazo zuri hujibu maswali kabla hayajaulizwa. Bei ni ya kilo au ya gunia? Ni faranga za Rwanda, faranga za Kongo au dola? Mzigo unapokelewa mpakani au dukani Goma? Nani analipa mbebaji? Tangazo lisilosema hayo huzaa ugomvi kwenye kizuizi.

Lugha nayo ni mtaji. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na ndicho kinachosemwa kila siku mitaani Goma. Kongo nayo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Hata hivyo maneno hutofautiana: anayetangaza "kisamvu" kwa mteja wa Goma atangoja sana, kwani huko watu hununua sombe.

Hatari kubwa ni picha ya kuibwa. Tapeli huchukua picha ya mwenzake, huomba malipo ya awali kwa simu, kisha hutoweka. Anayeumia ni mteja, na pia mchuuzi mwaminifu ambaye picha zake haziaminiki tena. Kinga yake ni nyepesi: kuweka ndani ya picha karatasi yenye jina na tarehe ya siku hiyo, au kutuma video fupi ya mzigo ukiwa kwenye mizani.

Anayetaka ulinzi wa kisheria anaweza kusajili alama yake katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Lakini usajili wa Rwanda hulinda ndani ya Rwanda. Goma una sheria zake.

Sambaza mbichi hazingoji. Zikivuka zikiwa na mnunuzi, faida hupatikana asubuhi hiyohiyo. Zikivuka bila mnunuzi, kufikia jioni bei imekwisha kuanguka. Na mteja aliyepokea samaki tofauti na wale wa kwenye picha hatafungua stetasi hiyo kesho.