Mono na Stereo: Wimbo Mmoja, Masikio Mawili

Likizo ya Desemba iliyopita rafiki yangu mmoja wa darasani alikuja kukaa kwetu siku tatu. Rafiki huyu sikio lake la kulia halisikii, tangu alipougua akiwa mdogo. Jioni moja tulikuwa barazani pamoja na ndugu zangu, tukisikiliza nyimbo za roki za zamani katika simu ya mjomba, ambaye huzipenda sana. Spika za masikioni zilikuwa jozi moja tu, kwa hiyo tulipokezana. Zamu ya rafiki yangu ilipofika, tulimfungulia wimbo wa kundi la The Beatles kutoka albamu yao ya kwanza, Please Please Me, ya mwaka 1963. Alisikiliza kitambo, halafu akauliza, "Mbona hawa hawaimbi? Wanapiga magita na ngoma tu."

Sote tukacheka. Mdogo wangu akasema, "Kaka, wanaimba mpaka makoo yanataka kupasuka. Shida ni sikio lako." Rafiki yangu akatabasamu, akazivua zile spika, akampa mwingine. Hakuomba zamu tena.

Usiku ule sikuwa na raha. Watu walipolala niliichukua simu, nikatia spika ya kushoto peke yake katika sikio langu la kushoto, nikaufungua wimbo ule ule. Loo! Rafiki yangu alikuwa amesema kweli. Magita yalilia, ngoma ilipigwa, lakini waimbaji walisikika kwa mbali mno, kama watu walio chumba cha pili. Nilipoibadili nikatia spika ya kulia, nikawasikia waimbaji waziwazi, na sasa ala zikawa mbali. Basi nikaanza kutafuta sababu kwa mjomba na katika vitabu. Haya niliyoyapata nayaandika hapa, kwa kuwa naona yatawafaa wasomaji wa gazeti letu.

Kwanza yafaa tuelewe maneno mawili haya. Yote mawili asili yake ni Kigiriki. Mono maana yake ni moja. Stereo yatokana na neno la kitu kigumu, chenye umbo kamili. Katika mono sauti zote hupita njia moja. Ukiwa na spika moja au spika kumi, zote hutoa sauti ile ile. Katika stereo njia ni mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila njia yaweza kubeba sauti tofauti na mwenziwe.

Stereo huyaiga masikio yetu. Jogoo akiwika upande wa kushoto wa bweni, sauti yake hufika sikio la kushoto mapema kidogo, tena kwa nguvu zaidi, kuliko inavyofika sikio la kulia. Kwa tofauti hiyo ndogo twajua jogoo yuko wapi hata kama tumefumba macho. Mhandisi mmoja Mwingereza, Alan Blumlein, aliifikiria sana habari hii, na mwaka 1931 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kunasa na kutoa sauti kwa njia mbili. Bahati mbaya hakuishi kuona santuri za stereo zikiuzwa madukani. Alikufa mwaka 1942 katika ajali ya ndege wakati wa vita, akifanya majaribio ya rada. Santuri za stereo zilianza kuuzwa kwa watu mwaka 1958. Mfereji wa santuri una kuta mbili, na katika santuri ya stereo kila ukuta hubeba sauti ya upande mmoja, na sindano huzisoma zote kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hudhani ya kuwa mono na stereo za albamu moja ni kitu kimoja, ila moja imepanuliwa. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe sivyo. Studio hunasa sauti katika utepe wenye njia kadhaa: njia moja ngoma, nyingine gita, nyingine mwimbaji. Baadaye fundi mitambo hukaa akaamua kila sauti iwe kubwa kiasi gani, ianze wapi, ikome wapi. Kazi hii ndiyo huitwa kuchanganya sauti. Ni kama kupika pilau: wape wapishi wawili mchele ule ule, nyama ile ile na viungo vile vile, nawe utakula pilau mbili. Katika miaka ya 1960 mono ilipikwa siku moja, na stereo ikapikwa siku nyingine. Mara nyingi mpishi alitia bidii zaidi katika mono, kwa sababu Waingereza wengi, hasa vijana, walikuwa na gramafoni za spika moja, na redio nazo zilikuwa za njia moja.

Albamu ile iliyomwaibisha rafiki yangu ni mfano mzuri. Nyimbo kumi katika hizo zilinaswa kwa siku moja tu, tarehe 11 Februari 1963, katika studio ya Abbey Road mjini London. Utepe wao ulikuwa na njia mbili: ala njia moja, waimbaji njia nyingine. Hawakugawa hivyo ili watu wasikie ala kushoto na waimbaji kulia. Waligawa ili baadaye fundi aweze kupunguza ala au kuongeza waimbaji anapozichanganya zote kuwa mono. Santuri ya mono ilitoka Machi 1963. Ya stereo ilifuata mwezi uliofuata, na ilipotengenezwa njia moja iliwekwa upande wa kushoto na ya pili upande wa kulia. Kwa hiyo mwenye sikio moja alipewa nusu ya wimbo. Wale waimbaji aliowasikia kwa mbali ni sauti iliyopenya katika maikrofoni za ala, kwa kuwa wote walipiga na kuimba wakati mmoja.

Mfano wa pili ni albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya mwaka 1967, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa albamu kubwa za roki. Kundi lenyewe lilihudhuria kazi ya kuchanganya mono na kutoa maoni yao. Stereo waliachiwa mtayarishaji George Martin na mafundi wake, Geoff Emerick na wenziwe, nao wakaimaliza kwa siku chache. Tofauti zasikika wazi. Wimbo wa She's Leaving Home katika mono huenda upesi zaidi, na sauti yake imepanda karibu nusu daraja, kwa sababu utepe uliendeshwa mbio kidogo wakati wa kuchanganya; katika stereo waenda polepole, wenye huzuni nyingi zaidi. Na katika wimbo unaorudia ule wa kwanza, karibu na mwisho wa albamu, mono yamtoa Paul McCartney akipiga kelele waziwazi. Katika stereo ni taabu kumsikia.

Hata urefu wa nyimbo waweza kutofautiana. Mwaka 1968 kundi lilitoa santuri mbili pamoja katika jalada jeupe, zenye jina la The Beatles tu. Wimbo wa Helter Skelter katika stereo hufifia, hurudi tena, kisha humalizika kwa ukelele wa mpiga ngoma Ringo Starr akilalamikia malengelenge ya vidole vyake. Katika mono wimbo hufifia mapema, haurudi, na ukelele ule haumo. Watu wawili, mmoja mwenye mono na mwingine mwenye stereo, wangeweza kubishana usiku kucha juu ya mwisho wa wimbo huo, na wote wawili wawe wakweli.

Lakini habari iliyonigusa kuliko zote ni ya kundi la Kimarekani, The Beach Boys, na albamu yao ya Pet Sounds ya mwaka 1966. Aliyeitunga na kuitengeneza ni Brian Wilson, aliyefariki mwaka 2025. Bwana huyu sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kabisa, sikio lile lile la rafiki yangu. Stereo hakuweza kuifaidi, basi aliichanganya albamu yake kwa mono. Alipanga ala nyingi zipige pamoja mpaka zikazaa sauti moja mpya, ambayo msikilizaji hawezi kusema hii ni kinanda au ni gita. Leo albamu hiyo husifiwa dunia nzima, nayo ni kazi ya mtu mwenye sikio moja.

Wafanya biashara hawakutosheka. Kwa kuwa neno stereo lilikuwa likiuza, albamu ile ilitolewa Marekani pia katika stereo ya bandia: walichukua mono, wakaipasua, sauti nene zikaegemezwa upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Stereo ya kweli ya Pet Sounds ilitoka mwaka 1997, baada ya mafundi kuziunganisha upya tepe za ala na tepe za waimbaji.

Nisieleweke vibaya. Sisemi ya kuwa stereo ni mbaya. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 studio zilipata mitambo yenye njia nane, kisha kumi na sita, na wanamuziki wakaanza kutunga kwa ajili ya stereo. Albamu ya Abbey Road ya mwaka 1969 haikuchanganywa kwa mono hata kidogo. Albamu ya The Dark Side of the Moon ya kundi la Pink Floyd, ya mwaka 1973, ina sauti zinazohama toka sikio hili hadi lile, na mchezo huo ni sehemu ya kazi yenyewe. Ukiibana hiyo katika njia moja umeipunguza, kama vile ulivyoipunguza Please Please Me ukiipasua. Kanuni niliyoipata mimi ni fupi: usiulize ipi ni mpya, uliza mwenye kazi aliisikiliza ipi alipoitengeneza.

Wengi duniani wameliona jambo hili. Mwaka 2009 mono za The Beatles zilitolewa upya kwa pamoja katika sanduku moja. Mwaka 2017 Giles Martin, mwana wa George Martin, alipoichanganya upya Sgt. Pepper kwa stereo, aliifanya mono ya zamani kuwa kiongozi wake. Na mwaka 2022 albamu ya Revolver ilichanganywa upya kwa msaada wa kompyuta iliyofundishwa kutenganisha ala zilizokuwa zimenaswa katika njia moja. Leo, basi, fundi aweza kuwaweka waimbaji katikati, hata kama mwaka 1966 walikuwa wamefungwa pamoja na gita.

Msomaji anayetaka kujipima na afanye hivi. Atakapokuwa nyumbani achague wimbo wa miaka ya 1960, atie spika ya kushoto tu, kisha ya kulia tu. Akisikia kitu kile kile pande zote mbili, hiyo ni mono. Akikosa mwimbaji au ngoma upande mmoja, hiyo ni stereo ya zamani. Tena ajue ya kuwa simu nyingi za siku hizi zina mahali pa kuzichanganya njia mbili kuwa moja. Hufichwa katika mipangilio, sehemu ya ufikivu, penye maneno ya sauti ya mono. Mchanganyo huo si sawa na mono halisi iliyopikwa na fundi, kwa maana simu hujumlisha tu kushoto na kulia, na sauti zilizo pande zote mbili huzidi nguvu. Lakini kwa mwenye sikio moja ni afadhali wimbo mzima uliopikwa kwa haraka kuliko nusu wimbo.

Asubuhi ya siku ya tatu, kabla rafiki yangu hajapanda basi, nilipageuza mahali pale katika simu ya mjomba, nikamwomba asikilize tena wimbo ule. Mdogo wangu naye nilimwita aje asimame karibu. Rafiki yangu alitia spika ya kushoto, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe wanaimba." Nikamwonyesha mdogo wangu lile nililoligundua usiku: nilirudisha stereo, nikamtia spika ya kushoto peke yake. Akasikiliza, akaona haya, akamwomba kaka yake msamaha. Mimi pia nilimwomba, maana nilicheka kama wao.

Rafiki yangu aliurudia wimbo ule mara tatu, basi likakaribia kumwacha. Tangu siku ile, mtu akiniambia hasikii jambo ambalo mimi nalisikia, sianzi na sikio lake. Naanza kwa kuuliza yeye ameletewa nini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne